Nyumbani, chumba cha kupanga au hotelini ufukweni: mwandishi wa programu wa Kigoma akae wapi?

Kijana anayeanza kuandika programu akiwa Kigoma huuliza kwanza habari za mashine: RAM ngapi, skrini ya inchi ngapi, bando la mtandao gani. Ni maswali ya haki, ila majibu yake ni mepesi. Linaloamua kama atakabidhi kazi za watu kwa wakati ni hili: atakaa wapi, na saa ngapi. Hapa nalinganisha sehemu tatu ambazo wengi wetu tunazo karibu, yaani nyumbani, chumba cha kupanga mjini, na hoteli au mgahawa wa kando ya ziwa. Baada ya hapo nitalinganisha alfajiri na usiku, kwa sababu mahali pazuri kwa saa mbaya hapakufai kitu.

Kipimo changu nakitaja mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Naangalia kama unaweza kukaa mahali hapo saa mbili mfululizo bila mtu kukusemesha. Kasi ya intaneti, mandhari na bei ya chai vinafuata nyuma.

Saa mbili zina sababu yake. Mtu anayesaka kosa kwenye programu amebeba mambo mengi kichwani kwa mkupuo: namba hii ilianzia wapi, imepita sehemu gani, nani ameibadilisha njiani, imeingiaje kwenye hifadhidata ikiwa tupu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoandikwa mahali. Akiitwa kufungua geti, yote yanamponyoka. Watafiti wawili wa Georgia Tech kule Marekani, Chris Parnin na Spencer Rugaber, walipitia kumbukumbu za vipindi 10,000 vya kazi kutoka kwa waandishi wa programu 86. Waliona kwamba mtu akirudi baada ya kukatizwa haanzi kuandika papo hapo. Huzunguka kwanza kwenye mafaili mengine akijikumbusha alikuwa anafanya nini, na ni sehemu ndogo tu ya vipindi, kama asilimia 10, ambamo mtu aliendelea kuandika ndani ya dakika moja. Sasa chukua asubuhi ya nyumba ya Kigoma, hesabu hodi zake, uone kinachobaki.

Nyumbani

Kama unaishi peke yako, chumba na sebule Gungu au Katubuka, huna la kujadili. Baki nyumbani, weka meza mbali na kitanda, ruka moja kwa moja kwenye sehemu ya alfajiri na usiku.

Mambo ni mengine kwenye nyumba ya familia, Ujiji au Mwanga, yenye bibi, wadogo zako, shangazi aliyekuja kutibiwa na watoto wa jirani wanaoshinda hapo. Nyumba hiyo ina faida ambazo watu wa chumba cha kupanga wanazililia: chakula kipo, kodi hakuna, na umeme unalipiwa kwa kuchangiana. Ila ina tatizo moja kubwa, kwamba kazi yetu haionekani. Aliyetoka kulima anarudi na jembe na udongo miguuni. Mwenye duka anaonekana yuko dukani. Wewe umekaa kwenye kiti, umetazama skrini, hata hugusi kibodi, kwa sababu unafikiri. Kwa mtazamo wa mlangoni umepumzika.

Mama mdogo anachungulia: "Mwanangu, kwa kuwa umekaa tu, hebu kimbia hapo dukani tuletee mafuta."

"Mama, niko kazini."

"Kazini wapi? Si nakuona hapo?"

Hana ubaya hata chembe. Anasema alichokiona. Ukimkasirikia utakuwa umemwonea, na ukimkatalia kila siku utaonekana umeota pembe. Vifaa vya kuzibia masikio navyo havisaidii kama vinavyosaidia kwenye ofisi za wenzetu. Kwetu mkubwa akikuita mara mbili hujaitika, hiyo ni kesi, haijalishi ulikuwa unasikiliza nini.

Dawa ninayoiamini ipo tayari mjini kwetu, na sioni watu wakiitumia. Kigoma tunajua kulinda saa za mtu. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani giza likishaingia, na taa zake, anarudi alfajiri. Saa nne asubuhi amelala, na nyumba nzima inamlinda. Watoto wanafukuzwa dirishani wakacheze mbali, mgeni akibisha hodi anaambiwa, "Karudi ziwani huyo, pita alasiri." Hakuna anayemwita mvivu. Analindwa kwa sababu saa zake zinajulikana, hazibadiliki kila siku, na alicholeta kimeonekana kwenye beseni.

Fanya hivyohivyo. Chagua saa chache za asubuhi, zitangaze kwa mkubwa wa nyumba kwanza, kisha kwa wengine, na usizihamishe. Hapa wengi wanaharibu: leo wanafunga mlango saa mbili, kesho saa tano, keshokutwa hawafungi kabisa, halafu wanalalamika kwamba nyumbani hawaheshimiwi. Saa zako zikiisha, fungua mlango, toka nje, tumika. Ukitumwa mafuta nenda, ukitumwa Kibirizi kufuata mzigo nenda. Na fedha ikiingia, iseme kwa kitu kinachoonekana: luku ya mwezi huu imetoka kwenye ile kazi ya asubuhi. Baada ya muda utasikia shangazi akimwambia mgeni sebuleni, "Mwache kwanza, yuko kwenye kazi zake." Siku hiyo umepata ofisi bila kulipa kodi.

Nakiri kuna nyumba ambazo hata hilo halitoshi. Penye mgonjwa wa kuangaliwa, mtoto mchanga au biashara ya barazani, huwezi kudai ukimya bila kuwaumiza watu. Hapo nenda kapange.

Chumba cha kupanga

Wengi wakisikia kupanga ofisi wanakimbilia fremu inayotazama barabara. Wanaona mlango wa kioo, kibao chenye jina la kampuni na picha ya ufunguzi kwenye status. Kwa kazi ya kuandika programu, fremu ni mbaya kuliko sebule ya bibi. Keti barabarani na laptopu na printa Kigoma hii, halafu usubiri. Kabla ya saa nne atakuwa ameshaingia mzee anayetaka kutoa kopi ya kitambulisho, mwanafunzi wa kujaziwa maombi ya mkopo wa chuo, na mama mwenye barua ya serikali ya mtaa anayetaka ichapwe upya. Kwao kompyuta ikiwa barabarani ni steshenari, na hawajakosea. Ukiwakataa unajihisi vibaya, ukiwakubali umekuwa mwenye steshenari. Kama steshenari ndiyo biashara unayoitaka, ni biashara nzuri na mji unaihitaji. Ila usitegemee kuandika mfumo wa hospitali katikati ya kopi mbili.

Tafuta chumba cha ndani, cha uani au cha ghorofani, kisicho na kibao. Kabla hujatoa fedha, na kumbuka wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, fanya haya. Kitazame chumba saa tisa alasiri, kamwe usikitazame asubuhi peke yake. Mji wetu umelielekea ziwa, na ziwa liko magharibi, kwa hiyo dirisha linalosifiwa kwa mandhari ndilo linaloingiza jua la alasiri moja kwa moja kwenye skrini. Asubuhi chumba hicho kina baridi na kinavutia, ikifika alasiri ni tanuri. Mimi nachagua dirisha la mashariki au la kaskazini linalotazama ukuta, tena kwa moyo mkunjufu.

Angalia juu. Kama ni bati tupu bila dari, masika yatakukomesha: mvua ikishuka huwezi kumsikia mteja kwenye simu, wala yeye hakusikii. Uliza mita ya luku unashirikiana na nani. Ukishirikiana na saluni au fundi wa kuchomelea, uniti zitaisha usipotegemea, na mjadala wa nani katumia nyingi utakula muda wako zaidi ya giza lenyewe. Uliza pia chumba cha jirani kina nini. Ukuta wa tofali moja haumzuii jirani mwenye spika.

Faida ya chumba ambayo haizungumzwi sana ni ile ya kutoka. Unavaa viatu, unaaga, unaondoka. Nyumbani wameona mtu anakwenda kazini, na wewe mwenyewe kichwa kimejua kazi imeanza. Jioni unafunga mlango na matatizo ya programu yanabaki humo. Mtu wa nyumbani lazima ajitengenezee mpaka huo kwa nguvu.

Ukipanga na mwenzako kodi inagawanyika, lakini wekeni sheria moja kabla ya kuhamia: kabla ya saa sita mchana, swali linaandikwa, haliulizwi kwa mdomo. Mwandishi wa programu anaweza kumkatiza mwandishi wa programu mwenzake zaidi kuliko familia nzima, tena kwa nia njema.

Hotelini kando ya ziwa

Hapa nitapita haraka. Ziwa Tanganyika linapendeza, upepo ni mtamu, na picha ya laptopu mezani na maji nyuma yake itapata sifa nyingi mtandaoni. Kazi ngumu haifanyiki hapo. Mwanga wa majini unaua skrini, muziki unapigwa kwa ajili ya wateja wengine, na kila baada ya muda inabidi uagize kitu ili usionekane umeng'ang'ania kiti. Halafu mji ni mdogo. Atapita uliyesoma naye, atakaa, na si adabu kumwambia aondoke.

Kuna kazi mbili tu ambazo naona pale panazishinda sehemu nyingine zote. Moja ni kuchora mfumo kwenye daftari kabla ya kuandika mstari wowote, ukiwa umeiacha laptopu nyumbani. Nyingine ni kukutana na mteja uso kwa uso, maana mteja wa Kigoma humjui mpaka mmekaa mkala mgebuka, samaki wa ziwa letu.

Alfajiri au usiku

Kigoma ina zawadi ya kijiografia ambayo watu wa Dar es Salaam hawana. Saa yetu ya ukutani ni ileile ya kwao, lakini sisi tuko magharibi sana, karibu nyuzi kumi za longitudo nyuma yao, kwa hiyo jua linatufikia takriban dakika 40 baada yao. Kwetu jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi. Ofisi za Dar zinapoanza kutuma ujumbe saa mbili, joto la kwetu bado halijaamka.

Maana yake ni kwamba aliyeswali alfajiri, au aliyeamka tu muda huo, ana kipindi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili au tatu ambacho kina baridi, kina ukimya, na hakina mteja anayeuliza "imefikia wapi?" Hizo ndizo saa za kosa gumu lililokushinda jana. Kufikia saa nane mchana, chini ya bati, hakuna anayefikiri vizuri. Huo muda upe kazi nyepesi: kujibu ujumbe, kuandika ankara, kujaribu kurasa kwenye simu tofautitofauti, au kulala kidogo kama umeamka mapema.

Usiku una watetezi wengi, na naelewa kwa nini. Watoto wamelala, wageni wameondoka, bando la usiku lipo. Lakini weka kwenye mizani. Msimu wa mvua ukiwasha taa, kumbikumbi wanaingia mpaka kwenye kibodi. Mbu wapo mwaka mzima, na anayekaa nje ya neti hadi saa nane usiku Kigoma anacheza na malaria. Juu ya hayo, kesho saa moja nyumba inaamka, na wewe hujalala. Ulichoandika ukisinzia utakisoma asubuhi na kukifuta.

"Nina mteja wa Marekani, lazima nikeshe." Angalia saa vizuri kwanza. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi au saa kumi na moja jioni ya kwetu, kutegemea msimu wao wa kusogeza saa. Hata wa California, saa tatu asubuhi yake ni saa moja au saa mbili usiku kwetu. Mkutano wa saa moja usiku hauhitaji mtu kukesha. Fanya mkutano jioni, lala, kazi yenyewe iandike alfajiri, siku yao ya kazi ikiwa imekwisha. Bando la usiku lipe kazi ya kupakua vitu vizito huku wewe uko ndani ya neti.

Mtu ninayemkubalia usiku ni yule ambaye nyumbani kwake mchana hapawezekani kabisa na kupanga hawezi bado. Huyo afanye kama mvuvi hasa: alale asubuhi kwa ratiba, nyumba ijue. Asifanye usiku na mchana vyote viwili.

Simu, mtandao na umeme

Ushauri wa kuacha simu chumba kingine umeenea, ila kwetu una kikwazo: simu hiyohiyo ndiyo inayorusha intaneti kwa laptopu. Suluhisho ni kutenganisha laini. Laini ya familia na wateja iweke kwenye kitochi, kikilia ujue kuna jambo la maana. Simu janja ibaki na laini ya bando, na arifa za WhatsApp zizimwe mpaka saa zako ziishe. Rauta ndogo ya laini ni nzuri zaidi, ukipata fedha yake.

Mtandao ukiwa wa kusuasua, usiufanye sababu ya kusimama. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inahifadhi historia yote ya kazi ndani ya mashine yako. Unarekodi mabadiliko bila intaneti na kuyapandisha baadaye. Pakua mapema maktaba za programu, yaani vipande vilivyoandikwa tayari na wengine, na nyaraka za lugha unayotumia. Kipindi cha alfajiri kisicho na intaneti kabisa ni kipindi bora kuliko chenye intaneti ya kasi, ilimradi nyaraka ziko ndani. Jaribu mara moja uone.

Umeme nao tumeishi nao kwa tahadhari, kwani kwa miaka mingi mji huu uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Kwa hiyo kati ya kompyuta ya mezani na laptopu, mimi nasema laptopu bila kusita. Kompyuta ya mezani na skrini yake zinaweza kula wati 150 hadi 300, na UPS ndogo, ile betri ya dharura ya kompyuta, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, basi. Laptopu ya wati 60 pamoja na rauta ya wati 10 ni wati 70. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200; ukitumia nusu tu ili isife mapema, una 600, na hata inveta ikila sehemu yake bado unapata kama saa saba. Hiyo ni siku nzima ya kazi bila gridi.

Muziki na saa ya dakika 25

Nyimbo zenye maneno unayoyaelewa zinagombania sehemu ileile ya akili inayosoma. Bongo Fleva acha kwa wakati wa kupanga mafaili. Kwa kazi ngumu chagua ala tupu, au feni. Ile mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo, kazi dakika 25 na mapumziko 5, inawafaa wanaoshindwa kuanza. Ukiwa katikati ya kusaka kosa usiifuate, kengele ikilia iache ilie.

Unapolazimika kuinuka, kwa swala, kwa chakula au kwa hodi isiyozuilika, tumia nusu dakika kuandika juu ya mstari uliokuwa unaushughulikia: nilikuwa najaribu hiki, kinachofuata ni kile. Wengine huacha makusudi mstari mbovu ili programu ikigoma iwapeleke palepale. Mimi natumia maneno, kwa Kiswahili, ili yasichanganyike na ya programu.

Na kama fedha inatosha kitu kimoja tu kwa sasa, mpangilio wangu wa kununua ni huu: mlango unaofungika kwanza, iwe kwa kupanga chumba au kwa kumwita seremala nyumbani. Kisha betri na inveta. Kisha kiti chenye mgongo na meza inayolingana nacho, kwa sababu kiti cha plastiki kinakukumbusha kuinuka kila baada ya nusu saa. Skrini ya pili iwe ya mwisho kabisa.